Kidole Kidogo Husema Mapema

Ndugu, watu husema ukoma hula vidole. Si kweli. Ukoma huharibu mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kiwiko, ndio unaoamuru misuli midogo ya kiganja. Ukifa, kidole kidogo na jirani yake hujikunja kama kucha za tai, wala havisikii moto wa sufuria. Hapo ndipo vidonda huingia.

Mimi nalaumu kwanza sisi wauguzi: twatazama mabaka ya ngozi, kiwiko hatukigusi! Mwenye mabaka atanue kidole kidogo, nawe ukisukume ndani. Kikilegea, aende hospitali juma hilohilo. Ulegevu usiozidi miezi 6, vidonge vya prednizoloni pamoja na dawa za ukoma huweza kuuponya.