Navuta, au Nawapulizia?

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya taksi-basi iliyotoka Katuba kwenda katikati ya mji wa Lubumbashi. Tulikuwa tumebanana kama kawaida, wanne kwenye kiti cha watatu, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Nikatoa sigara yangu ya umeme mfukoni, nikavuta mara moja, nikapuliza polepole kuelekea miguuni. Nilijiona mtu mwangalifu sana. Mama mmoja aliyepakata kikapu cha lengalenga akanigeukia.

— Mwana, ule moshi njo wa nini?

— Ayina moshi, mama. Njo mayi tu.

— Kama njo mayi, juu ya nini inanuka maembe?

Gari zima likacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa na jibu. Yeye hakucheka. Alijitahidi kufungua dirisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia kikapu, na vumbi la barabara likatuingilia sote. Abiria mmoja akaanza kulalamika juu ya vumbi hilo, akamlaumu mama. Mimi hakunilaumu mtu.

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa lugha. Kila wiki nafundishwa kwamba maneno hayana kosa, kosa ni la anayeyatumia vibaya. Na siku ile nilitumia neno la uongo, kwa lafudhi nzuri kabisa, ili nimshinde mtu mzima kwa maneno. Akanishinda kwa pua yake.

Ndugu wasomaji, mnajua kwamba sigara ya umeme si kitu kigeni tena katikati yetu. Tunaiona kwenye terasi na katika nganda kando ya chicha, tunaiona nje ya oditwari kati ya masomo mawili, na siku hizi tunaiona hata kilioni, mtu ameketi na wafiwa huku mdomo wake unatoa harufu ya peremende. Anayeanza huwa na aibu kidogo. Wenzake humpa shauri moja tu: jiamini! Usiitoe kwa woga, kwa sababu ukionyesha woga watu watadhani unafanya kosa. Mimi nilipewa shauri hilo, na nimewapa wengine.

Leo naona shauri hilo halijibu swali lililopo. Linamtazama anayevuta peke yake, kana kwamba mahali pa watu wengi ni jukwaa na wengine wote ni watazamaji. Lakini abiria wa taksi-basi si watazamaji. Wanapumua. Jambo la kuuliza si kama mimi nathubutu. Jambo la kuuliza ni kama walio karibu nami wamenikaribisha.

Tuanze na hayo yanayoitwa maji. Chombo hiki kilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa Uchina. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata joto, na kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa glisirini na propilini glaikoli, pamoja na viungo vya kuleta ladha na, mara nyingi, nikotini. Waya ukipata joto, mchanganyiko huo hugeuka kuwa matone madogo mno yanayoelea hewani. Si mvuke wa sufuria ya bukari. Nikotini iliyomo ni ileile ya tumbaku, na humfunga mtu kwa namna ileile. Sehemu ya kile anachokivuta hubaki mwilini mwake. Sehemu nyingine hutoka na pumzi na kwenda kwa jirani.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Hapa hakuna kinachoungua. Kwa hiyo hakuna lami ya tumbaku, wala hakuna ule moshi wa majani na karatasi ulioua watu wengi. Mtu mzima aliyezoea sigara, akiacha kabisa na kuhamia chombo hiki, anapunguza sumu nyingi anazoingiza kifuani. Na jirani yake anapokea madhara machache kuliko ya moshi wa sigara. Haya ni kweli, nami sitayaficha ili hoja yangu ipate nguvu. Lakini kitu chenye madhara machache kuliko sigara hakijawa maji kwa sababu hiyo. Na wengi wetu hatukuhama kutoka popote. Tulianzia hapo hapo, kwa sababu ya harufu ya maembe.

Sasa niingie katika fani yetu. Tazameni vitenzi. Kwa Kilingala husemwa *komela likaya*, kunywa tumbaku. Kwa Kinyarwanda ni *kunywa itabi*, maana ni hiyohiyo. Kwa Kiswahili tunavuta sigara. Kunywa na kuvuta ni vitenzi vya kuingiza: mtu anakitia kitu ndani yake, basi habari imekwisha. Hakuna hata kimoja kinachosema yale yanayotoka. Hata *kuvapote*, kitenzi cha Kifaransa tulichokivalisha *ku-* na kukitembeza mjini, kinamtaja mwenye chombo tu. Ukisema "navuta", sentensi imekamilika, na hakuna mtu wa pili ndani yake.

Hata hivyo Kiswahili kina njia ya kumtaja huyo mtu wa pili, nasi tuliisoma mwaka wa kwanza: kauli ya kutendea. Napuliza, nampulizia. Nafukiza, namfukizia. Kiambishi kimoja kidogo, na jirani ameingia katika sentensi. Ubani hufukizwa, na anayefukiziwa hujua kwamba anafukiziwa. Aghalabu ameomba mwenyewe. Katika taksi-basi iliyofungwa madirisha hakuna kuvuta kwa kawaida. Kuna kauli ya kutendea tu. Tukizoea kuitumia kwa ukweli, "nawapulizia" badala ya "navuta", nadhani nusu ya kujiamini kwetu kutapungua papo hapo, na hakutapungua kwa hasara.

Najua majibu yanayokuja, kwa kuwa nilikuwa nikiyatoa mimi mwenyewe.

La kwanza: mji wenyewe ni moshi mtupu. Malori ya madini yanapita na vumbi lao, mbabula za makaa zinawaka kila uwanja, jenereta zinaunguruma umeme ukikatika, nawe unahangaika na kawingu kadogo kenye harufu ya tunda? Jibu hili lina uzito kwa mtu wa Lubumbashi. Tumekulia mbele ya lile bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha masalia ya madini, mpaka vimekuwa alama ya mji wetu. Lakini hebu tujiulize: katika haya yote, ni nini kinachotuuma zaidi? Kinachotuuma ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Waliotia vumbi katika nyumba za wazazi wetu hawakupiga hodi. Basi mtu anayejua uchungu huo angekuwa wa mwisho kumfanyia mwenzake vivyo hivyo, hata kwa kipimo kidogo. Wingi wa wakosaji haukupi ruhusa ya kuwa mmoja wao.

La pili: ni uhuru wangu, nimekinunua kwa pesa yangu. Kweli, chombo ni chako, kimiminika ni chako, mapafu pia ni yako. Hewa ya taksi-basi hukuinunua. Ulilipa kiti tu.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo linawahusu dada zetu. Kijana wa kiume akipuliza wingu lake barabarani, huitwa mtu wa mji. Msichana akifanya hivyohivyo, watu wazima wasiomjua humtukana kuwa hana malezi, na wengine husema mabaya kuliko hayo. Kwake "jiamini" si shauri la majivuno, ni kinga. Nakubali. Mengi yanayosemwa dhidi ya sigara ya umeme hadharani hayahusu afya ya mtu yeyote; ni kiu ya kumtawala msichana tu. Hoja yangu haiendi huko. Ninachodai ninamdai kijana na msichana sawasawa, na ninamdai profesa vilevile. Swali ni nani anapumua karibu yako, wala si nani anakutazama.

Ndiyo maana nimelitaja neno hodi. Mtu wa kwetu haingii uwanjani mwa mwenzake kimya kimya. Husimama, akasema hodi, na wengine mjini husema odi, kisha hungoja. Hiyo si dalili ya woga. Anayepiga hodi ndiye anayejiamini kweli, kwa sababu yuko tayari kusikia "ngoja kwanza" asiaibike. Asiyejiamini ndiye anayeingia upesi kabla hajakatazwa. Nilipopuliza kuelekea miguuni asubuhi ile nilifanya hivyo hasa. Nilikuwa nikijificha, kisha nikauita ujanja huo heshima.

Lakini hodi ina sharti lake: mwenye nyumba awe na uwezo wa kukataa. Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka uliopita nilipanga chumba pamoja na mwenzangu mdogo kwangu, na mimi ndiye niliyelipa sehemu kubwa ya kodi. Siku ya kwanza nilimwuliza: "Haikusumbui?" Akasema: "Hapana, yaya, hakuna shida." Nikahesabu kwamba nimekaribishwa. Miezi ikapita. Alikuwa akilala uso wake ukielekea dirishani, nami nikadhani ni mazoea yake. Usiku mmoja pumu ikambana, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa nayo tangu utoto. Sidai kwamba kifaa changu ndicho kilicholeta shida usiku ule. Nyumba ile ilikuwa na moshi wa makaa pia. Ninachojua ni kwamba aliogopa kuniambia. "Hakuna shida" yake ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa, ya asiye na pesa kwa mwenye pesa. Haikuwa karibu.

Fikirini basi mwanafunzi aliyeitwa ofisini kuhusu kazi yake ya mwisho wa masomo, na mwalimu anavuta chombo chake nyuma ya meza. Atasema nini akiulizwa kama inamsumbua? Mtoto mbele ya mjomba, dereva mbele ya bosi wake, mgonjwa mbele ya wageni wa heshima: wote hawa watasema hapana, hakuna shida. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ina sehemu mbili. Mahali pa wazi, kati ya watu wanaolingana, piga hodi na ungoje jibu. Mahali palipofungwa, au mbele ya mtu asiyeweza kukukatalia, usiulize kabisa: toka nje.

Wengine watasema sheria inatosha. Nchi yetu iliridhia mwaka 2005 mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 inaigusa pia tumbaku. Majirani wamekwenda kwa njia zao: Uganda ilipiga marufuku sigara za umeme kwa sheria yake ya 2015, na Rwanda ikapiga marufuku chicha mwaka 2017. Ubelgiji na Ufaransa zimezuia tangu 2025 kuuzwa kwa zile zinazotumiwa na kutupwa. Sheria ni jambo jema. Lakini ndani ya taksi-basi ya Katuba hamna polisi wa hewa, na katika oditwari yetu hamtakuwamo. Mle tunabaki sisi kwa sisi, na adabu yetu.

Kwa kitivo chetu naomba mambo matatu madogo. Oditwari, maktaba na ofisi za walimu ziwe mahali pa kutovuta chochote, chenye moto au chenye betri, na katazo hilo liwahusu wanafunzi na maprofesa bila ubaguzi. Patafutwe sehemu moja ya wazi, mbali na madirisha, kwa ajili yetu tunaovuta. Tukifukuzwa kila mahali tutajificha chooni, na huko kuna watu pia. La tatu ni la lugha: tuache kusema ni maji.

Mimi bado navuta. Nimejaribu kuacha mara mbili, na mara zote mbili nilitambua kwamba kujiamini kwangu kulikuwa kwa nikotini zaidi kuliko kwangu. Lakini katika taksi-basi kifaa hukaa mfukoni. Juzi tulipokuwa tumebanana tena, kijana aliyeketi mbele yangu akatoa chake, akapuliza, harufu ya stroberi ikatufikia nyuma. Nikataka kumwambia yote niliyoyaandika hapa. Nikaona ni marefu mno kwa safari fupi. Nikamwuliza tu, kwa upole: juu ya nini inanuka tunda? Akanitazama, akakirudisha mfukoni, kisha akafungua dirisha mwenyewe.

Anayeona nimekosea aniandikie katika toleo lijalo. Nitamkaribisha.