Wanaouza wembamba ni walanguzi

Imezuka nchini biashara ambayo haina duka wala ghala, lakini inafika kila mahali palipo na mshahara. Mwisho wa mwezi inapita katika ofisi za Serikali. Wakati wa chai inaingia katika ofisi za walimu, na siku hizi inapenya hata ndani ya simu ya mkononi. Bidhaa yake ni wembamba. Mteja huambiwa kwamba akinywa chai fulani, au akimeza vidonge fulani vinavyodaiwa kuwa vya asili, atapungua kilo 10 kwa siku 7, bila kubadili chakula chake na bila kuongeza hata hatua moja ya kutembea.

Ahadi hiyo ni uongo, na uongo wake unathibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kilo 10, basi, ni kalori 77,000. Mtu mzima anayefanya kazi ya kuketi hutumia kwa kawaida kalori kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku, yaani 17,500 kwa wiki akitumia nyingi. Kwa hiyo hata yule asiyetia chembe ya chakula kinywani kwa siku 7 hawezi kuunguza mafuta yanayofika kilo 2 na nusu. Mwenye kuahidi kilo 10 anaahidi jambo ambalo hata njaa yenyewe haiwezi kulitenda.

Mlanguzi atajibu kwamba wako watu waliopanda mizani na kuona uzito umeshuka. Umeshuka kweli, lakini sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu zipatazo 3 za maji. Mtu anapojinyima chakula ghafla, akiba hiyo huisha katika siku chache na maji yake hutoka. Akirudia kula, nayo hurudi, na fedha zake hazirudi.

Chai nyingi za kukondesha hutiwa sanamaki, jani linalojulikana siku nyingi kuwa ni dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati ambapo nguvu ya chakula imekwisha kunyonywa katika utumbo mwembamba. Mnywaji hupoteza maji na chumvi za mwili, ikiwa ni pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa, lakini wali na nyama alivyokula vimekwisha kuingia katika damu. Huko ni kulipa fedha ili kuugua.

Ndugu wa upotofu huo ni imani kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Ndiyo sababu baadhi ya watu hujifunga nailoni tumboni na kukimbia katika jua la saa saba. Jasho ni maji ya kuupoza mwili. Lita 1 ya jasho ni kilo 1 ya uzito, nayo hurudi kwa bilauri chache za maji. Mwishoni mwa mwaka 1997 vijana watatu, wanamieleka wa vyuo vya Marekani, walikufa mmoja baada ya mwingine katika muda usiozidi wiki tano. Wote walikuwa wakijitoa jasho kwa nguvu ili wafikie uzito wa mashindano.

Mafuta huondoka kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walionyesha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni dioksaidi, na kilo 1.6 zilizobaki huwa maji. Wengi wa madaktari, wataalamu wa lishe na wakufunzi wa mazoezi walioulizwa swali hilo hawakulijua jibu. Ikiwa waganga wenyewe hawajui mafuta yanakokwenda, si ajabu kwamba mlanguzi amepata pa kupenya.

Laiti hasara ingekuwa ya fedha tu. Historia ya dawa za kukondesha ina makaburi mengi. Mwaka 1933 madaktari wa California walitangaza kwamba dinitrofenoli, kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza baruti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, inapunguza unene. Ilipunguza kweli. Ilileta pia mtoto wa jicho kwa watumiaji wake, na wengine ikawapandisha joto la mwili mpaka wakafa. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1938. Dawa nyingine, sibutramini, iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu wakati huo wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta mara nyingi ikiwa imefichwa katika vidonge, kahawa na chai zilizopigwa chapa ya asili tupu. Mtumishi mwenye shinikizo la damu anayenunua pakiti isiyosajiliwa anaweza kuwa ananunua sumu ile ile iliyokwisha kukataliwa.

Haifai, hata hivyo, kumlaumu mlanguzi peke yake. Yapo makosa ambayo wasomi wenyewe wanayaeneza. La kwanza ni kudhani kwamba mazoezi ya tumbo huondoa kitambi. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi nyingi kuliko mwingine. Unene wa mafuta chini ya ngozi haukupungua zaidi katika mkono unaocheza. Mwili huchota akiba yake kila mahali kwa utaratibu wake wenyewe, wala haupokei amri ya kuanzia kiunoni.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mtu akikimbia asubuhi amepata kibali cha kula apendavyo jioni. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta asali. Ilionekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanayotumia kwa siku haizidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu na katika kuuzuia uzito usirudi, lakini hayawezi kulipa deni la sahani isiyo na mpaka.

Kosa la tatu ni kumtwika ugali lawama zote. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza utafiti wa watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12, baadhi wakipunguza wanga na wengine wakipunguza mafuta. Wa wanga walipungua kwa wastani wa kilo 6.0, na wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo wataalamu waliiona haina uzito. Anayeukana ugali kwa kishindo, kisha akala chipsi mayai na kuteremshia soda, anajidanganya mchana kweupe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati ambapo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba ni bora sukari inayoongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima.

Lipo kosa la nne, nalo ni kasumba: kukiona kitambi kuwa ni alama ya cheo, na kukonda kuwa ni alama ya ugonjwa au dhiki. Kwa kasumba hiyo mtu aliyepandishwa cheo hupongezwa kwa kunenepa, na mwenzake anayejitahidi kupungua huulizwa kama ana maradhi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hilo ni suala la taifa, na kulifanyia mzaha ni kuukaribisha ugonjwa wa kisukari.

Ni kweli kwamba zipo dawa halali. Semaglutide, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa matibabu ya unene, na inapunguza uzito. Lakini hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuiacha, watumiaji walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Dawa ya kweli hueleza mipaka yake. Ya mlanguzi haina mpaka.

Njia iliyothibitishwa ni ya polepole, na haihitaji utajiri. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kula kwa kiasi, pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki, lilipunguza uwezekano wa kuupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki hata kilo 6. Lengo hilo lilipangiwa kufikiwa kwa miezi sita. Siku saba hazikutajwa.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza lishe. Wakati ule adui mkubwa alikuwa upungufu wa chakula, naye hajaondoka. Leo ameongezeka adui wa pili, lakini silaha ni ile ile, yaani elimu. Hapana budi walimu waifundishe hesabu ya kalori kama wanavyofundisha hesabu ya riba. Hapana budi wakuu wa ofisi wawafungie milango wachuuzi wa vidonge visivyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na kila mtumishi anayeombwa fedha kwa ajili ya kilo 10 za wiki moja amtake muuzaji achukue kalamu, apige hesabu ile mbele ya watu wote.