Nani Aone Haya: Limerick au McCourt?

Wapo watu ambao ukiwaambia kwao palikuwa na njaa hukudai ushahidi, na ukiwaonyesha makaburi hukuuliza kwa nini umewatangaza. Watu wa namna hii hawakosi katika nchi yo yote. Mwaka 1996 walijitokeza huko Limerick, mji wa magharibi ya Ireland, mara Frank McCourt alipotoa kitabu cha maisha ya utotoni mwake kiitwacho Angela's Ashes.

Aliyoyaandika ni haya. Alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1930, na wazazi wake wakarudi naye Ireland hali wamekwisha mzika binti mchanga. Huko Limerick wakazika na mapacha wawili. Baba alikuwa mlevi, akipata kibarua mshahara wote huishia kilabuni. Mama alikwenda kuomba kwa wagawa sadaka wa chama cha Mtakatifu Vincent de Paul. Choo kilikuwa kimoja kwa kichochoro kizima, nacho kilikuwa ubavuni mwa mlango wao! Vyumba vya chini vilipojaa maji ya mvua, walihamia juu, wakapaita Italia kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu.

Kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1997, na Chuo Kikuu cha Limerick kikampa mwandishi shahada ya heshima mwaka huo huo. Lakini wenyeji wengine waliwaka moto. Gerry Hannan, mtangazaji wa mjini humo, aliandika kitabu kizima cha kumjibu. Richard Harris, mwigizaji mashuhuri mzaliwa wa Limerick, naye alikuwa miongoni mwa waliomshutumu.

Hoja zao tuzitazame. Kwanza, ati ametia chumvi. Huenda, hakuna mtoto wa miaka minne awezaye kushika mazungumzo ya watu wazima neno kwa neno. Lakini chumvi haizai makaburi. Pili, ati amemvua nguo mama yake. Hili ni zito, wala silipuuzi, maana Angela alifariki mwaka 1981 na hakupata nafasi ya kujibu. Hata hivyo, msomaji mwenye moyo akimaliza kitabu humheshimu mama yule kuliko watu waliomsimamisha foleni wakampima kwa macho kabla ya kumpa hati ya chakula.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera: ati walikuwako maskini wengi vichochoroni ambao waliishi kwa heshima na hawakunung'unika. Lo! Nani aliwauliza? Ukimya wa kabwela umegeuzwa pambo la sebule ya mtu aliyeshiba. Na tuseme wazi kinachowauma mabwana hao. Ireland ilikuwa imejitawala tangu 1922. Bendera ilikuwa yao, mapadre wao, walimu wao, makarani wao. Aliyemfungia mama yule mlango hakuwa Mwingereza, alikuwa jirani yake. Laiti McCourt angeutupa mzigo wote kwa mkoloni, wangempigia makofi na kumpangia gwaride. Alipowataja wao, akawa mhaini.

Sitaki lakini mdhani kwamba kila aliyemsifu alimwelewa. Wako wasomaji wa mbali, hasa walioshiba, ambao walilia kidogo, wakacheka sana (maana mtu huyu alijua kuchekesha), kisha wakafunga kitabu wakisema: mnaona, mtoto wa maskini akijitahidi hufika. Ni kweli, alipanda meli akarudi Marekani mwaka 1949, akawa mwalimu New York miaka mingi, akafa mwaka 2009 jina lake likijulikana dunia nzima. Kwa hesabu yao mambo yamekwisha salama, na serikali, kanisa na matajiri wa Limerick hawana deni.

Hao nawaona sawasawa na wale waliowaka moto. Wa kwanza wanasema umaskini ule haukuwako. Wa pili wanasema ulikuwako na ukamfaa. Waulizwe basi, Oliver na Eugene, mapacha wale ambao hawakufikia hata umri wa kwenda shule, wao walikosa juhudi gani?