Walimu watarajiwa, tuache kukaririsha domeni!

Wadau, leo naomba tugombane kidogo. TP inakaribia, na kila nikipitishiwa andalio la somo hapa hosteli nakuta mstari uleule: "Asili isiwe sifuri, ndani ya kipeuo pasiwe na hasi. Kariri." Basi, kipindi kimekwisha. Jamani, hivi ndivyo tutakavyofundisha?

Domeni ya fankisheni si amri iliyoshuka mbinguni. Ni zile namba ambazo ukiziweka mahali pa x unapata jibu. 12 gawanya kwa 3 ni 4, kwa sababu 4 mara 3 ni 12. Sasa 12 gawanya kwa 0? Hakuna namba utakayozidisha kwa 0 ukapata 12. Ndiyo maana asili haiwi sifuri. Na namba halisi yoyote ukiizidisha kwa yenyewe, hupati hasi hata ufanyeje. Ndiyo maana √(−2) tunaikataa. Hayo ni maelezo ya dakika mbili tu, hata darasa likiwa na watoto 80.

Najua mtasema mtihani unataka jibu, hautaki sababu. Haya, leteni jibu:

f(x) = √[(x − 3)/(x − 5)]

g(x) = √(x − 3) / √(x − 5)

Mzee wa madesa ataapa kuwa hizi ni kitu kimoja. Weka x = 1. Kwenye f, juu ni −2, chini ni −4, hasi kwa hasi unapata 1/2, na kipeuo chake kipo. Kwenye g umekwama mlangoni. Kwa hiyo domeni ya f ni x ≤ 3 au x > 5, na ya g ni x > 5 peke yake. Aliyekariri ataiandikia f "x ≥ 3, x isiwe 5", halafu 4 aliyoiruhusu mwenyewe itampa √(−1). Maksi kwisha!

Halafu tukishaajiriwa tutakuwa wa kwanza kulalamika ofisini kwamba watoto wa siku hizi wanaogopa hesabu. Hawaogopi hesabu, wanaogopa kuuliza. Mtoto akisema "kwa nini, ticha?" ukamjibu "kanuni inasema hivyo", hapo umemfundisha kunyamaza, na somo hilo halisahau.

Anayebisha aje na hoja. Ila aje na mstari wa namba pia, madesa ayaache chumbani.

Nawasilisha.