Mashua Haikurogwa

Katika vijiji vyetu vya pwani hakuna kazi ivutayo macho ya jirani kama mashua ijengwayo uani. Mkuku hulazwa chini ya mwembe, mataruma husimama, na watoto hujua kila jioni ni ubao wa ngapi uliopigiliwa. Kisha ubao mmoja wapasuka. Papo hapo, hata fundi hajaweka tezo chini, lanenwa lile neno: "Pana mtu hapa mwenye kijicho."

Neno hili twalipinga kwa nguvu zetu zote, na hasa kwa kuwa lanenwa na watu waliobatizwa. Jumapili waimba kwamba Bwana ameshinda giza. Jumatatu ubao wapasuka, nao watafuta hirizi ya kufunga penye omo. Ubaya wake si ile fedha ya mganga tu, ijapokuwa ingalinunua misumari. Ubaya ni kwamba neno likiisha kunenwa halina budi kumpata mtu. Nalo halimpati kijana mwenye nguvu, wala tajiri, humpata mama mjane aliyepita njiani akauliza, "Mtaishusha lini majini?" Tangu siku hiyo hasalimiwi kisimani, wala mlangoni pake hapigiwi hodi. Mashua yaweza kutengenezwa. Na mama yule je?

Haya, na tuutazame ubao wenyewe. Mti uliokatwa mwezi uliopita umejaa maji. Ukipigiliwa ungali mbichi, jua huukausha, nao hunywea kwa upana wake, si kwa urefu. Umeshikwa na misumari huku na huku, hauna nafasi ya kunywea. Basi hupasuka, au maungio huachana hata ncha ya kidole yapita. Tena sisi tujengao nyumbani hatujengi mfululizo kama mafundi wa bandarini. Fedha yakwisha, mvua zanyesha, watu waenda kulima, na mashua yakaa miezi mitano, upande mmoja juani na upande mmoja kivulini. Ni nani asiyejua upande upi utapasuka kwanza? Paa la makuti juu yake lingalifaa kuliko hirizi mia.

Na misumari je? Wenye haraka hupigilia pasipo kutoboa kwanza kwa keekee. Wengine huchanganya ya chuma na ya shaba, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Kosa hili si la wanyonge peke yao. Mwaka 1761 Waingereza walifunika tumbo la manowari yao, Alarm, kwa mabati ya shaba, ili kuwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763 mabati yalikuwa yamebanduka mahali pengi, maana misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imeliwa. Hawakumtafuta mchawi. Wakakagua msumari mmoja mmoja, wakaona ya kuwa palipobaki karatasi kati ya shaba na chuma, chuma kilikuwa kizima. Hivyo wakajua kwamba vitu viwili hivyo havipatani katika maji ya chumvi. Ujuzi huo waliupata kwa sababu walikubali kuinama na kuitazama hasara yao.

Mwingine atatujibu kwa Maandiko: je, merikebu za Yehoshafati hazikuvunjika Esion-geberi kwa mkono wa Mungu? Naam, zilivunjika. Lakini huko Eliezeri alisimama akatoa unabii na kuitaja sababu, nayo ilikuwa urafiki wa mfalme mwenyewe na Ahazia mwovu. Hakumtaja jirani wa mtu. Na ni nani kati yetu aliyeletewa nabii kwa ajili ya ubao mbichi? Hata wale wasemao kwa upole, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha wakaiacha mashua iliwe na mchwa, twawaona kuwa ni ndugu zao wenye hirizi, ila kanzu zao ni safi zaidi. Wote hawataki kuuangalia ubao.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa: mtu akija kumshtaki jirani kwa habari ya mashua, msimsikilize mpaka ameuleta ule ubao barazani pamoja na misumari yake, mkautazama mbele ya fundi. Na ikiwa mama wa watu amekwisha kutajwa kwa jina, mwenye mashua na aende nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe akamtake radhi, mbele ya wale wale waliomsikia akimtaja.