Jua lipo, dagaa wapo: je, binti wa Suguti anahitaji vidonge vya vitamini D?

Siku hizi kwenye simu hupita matangazo ya vidonge vya vitamini D. Yanadai kwamba binti anayechoka, anayenenepa au aliye katika hatari ya kupata kisukari amepungukiwa na vitamini hiyo, na kopo moja litamaliza tatizo. Kwa familia inayoishi kwa kilimo na uvuvi, Suguti, Bunda au Butiama, kopo hilo ni fedha ya madaftari na sare. Kabla hujaitoa, tuangalie kinachojulikana.

Vitamini D huusaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula ili ijenge mifupa. Ikipungua sana, mtoto hupata matege, na mtu mzima huumwa mifupa na kulegea misuli. Mifupa hukua kwa kasi wakati wa kubalehe, hivyo binti wa miaka 12 hadi 17 anaihitaji kweli.

Sehemu kubwa ya vitamini hii hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huona 50 inatosha kwa mifupa. Binti wa Suguti anayechota maji, kulima na kwenda shule kwa miguu anaishi chini ya jua hilohilo.

Anayeweza kupungukiwa ni yule anayeshinda ndani: darasani tangu alfajiri hadi jioni, bwenini, au kazini kwenye nyumba ya watu mjini. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Hata jua la asubuhi sana, ambalo wengi tumefundishwa kuliota, hutoa kidogo. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, ngozi haitengenezi vitamini D ya kutosha. Kwetu jua linalofaa ni la kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na mikono na miguu ikiwa wazi kwa muda mfupi inatosha. Mwenye ualbino asifuate ushauri huu. Yeye ajikinge na jua, na vitamini hiyo aipate kwenye samaki, mayai na maini.

Je, vidonge huzuia kisukari? Ni kweli kwamba watu wanene mara nyingi hukutwa na vitamini D kidogo. Lakini mafuta ya mwili huinasa vitamini hiyo, kwa hiyo unene wenyewe unaweza kuwa ndio unaoishusha kwenye damu. Nchini Marekani, watu wazima 2,423 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa makundi mawili, moja likapewa vitamini D kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2019: waliopata kisukari ni 293 kati ya waliomeza vitamini, na 323 kati ya wasiomeza. Tofauti hiyo ni ndogo, ingeweza kutokea kwa bahati tu. Hao hawakuwa mabinti wa Mara, lakini anayetangaza kopo lake kama kinga ya kisukari anadai kitu ambacho jaribio kubwa kama hilo halikukithibitisha.

Hatari ya kopo hilo ni kuficha tatizo lingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Binti aliyeanza hedhi, anayechoka, kupumua kwa shida akipanda mlima au kuishiwa nguvu darasani, apelekwe zahanati kupimwa damu kwanza. Akinunuliwa vitamini D ilhali amekosa madini ya chuma au ana malaria, fedha imepotea na ugonjwa unaendelea.

Kinga nyingine iko ziwani. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa binti kalsiamu, protini na madini ya chuma kwa pamoja. Lakini dagaa wengi wa Ziwa Victoria huuzwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Familia inayoanika na kuuza ibakize fungu la nyumbani, na binti apate sehemu yake. Soda na maandazi ya kila siku yapungue, michezo isiachiwe wavulana pekee.

Wapo wanaohitaji vidonge kweli: mwenye matege, mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha, au anayetumia baadhi ya dawa za kifafa kwa muda mrefu. Hao wapangiwe dozi na mtaalamu wa afya, kwani vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.