Kiingereza cha nani kinasikika Juba?

Picha ya fundi akitoboa gogo ili kulifanya ngoma haihitaji mkalimani. Mtazamaji wa runinga mjini Juba huiona patasi ikila mti, akaelewa. Mashaka huanza msimulizi anapofungua kinywa. Ibara ya 6 ya katiba ya mpito ya mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi ya Sudan Kusini na ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Haikusema ni Kiingereza cha nani.

Vita viliwatawanya watu, na kila aliyerudi alirudi na Kiingereza cha alikolelewa. Aliyesoma Uganda husema ‘extend’ akitaka mwenzake asogee, na ‘you are lost’ kwa mtu ambaye hawajaonana siku nyingi. Msemaji wa Kiswahili hukitambua kisemo hicho mara moja, maana nasi husema ‘umepotea’. Aliyesomeshwa Khartoum kwa Kiarabu, lugha isiyo na sauti ya ‘p’, huenda akalitamka neno ‘people’ kwa ‘b’ mbili. Aliyekulia Melbourne hulitamka neno ‘day’ karibu sana na ‘die’, na hapo taarifa ya siku ya kufungua shule yaweza kumshtua msikilizaji wa Torit.

Yote hayo ni Kiingereza. Tatizo ni kwamba mjini Juba lafudhi husomwa kama kitambulisho: ulikuwa wapi wakati wa vita, na nani alikulipia karo. Katiba ya muda ya mwaka 2005 ilivitambua Kiingereza na Kiarabu kuwa lugha rasmi za kazi kusini. Miaka 6 baadaye Kiarabu kikaachwa nje. Waliopata shahada zao kwa Kiarabu walijikuta wakiomba kazi kwa lugha ambayo hawakuisomea, ingawa Kiarabu cha Juba ndicho kinachosikika sokoni na kwenye bodaboda. Kwa maoni yangu, chombo cha habari kinachomchagua mtangazaji kwa lafudhi ya ng’ambo kinamsahau msikilizaji ambaye hajawahi kuvuka mpaka.

Ngoma nayo ina lafudhi. Magogo yenye mwanya ya Wazande, ambao hapa nchini wanaishi Ekwatoria Magharibi, yalipeleka ujumbe mbali kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, zikifuata kidatu cha lugha yao. Asiyeijua lugha hiyo husikia mdundo tu. Moja ya magogo ya aina hii, lenye umbo la ndama na urefu wa karibu mita 3, limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Asili yake hutajwa kuwa eneo ambako Sudan Kusini na Kongo zinapakana. Lilipofika Khartoum lilitiwa nakshi za Kiislamu ubavuni. Kitchener alilichukua mwaka 1898 baada ya vita vya Omdurman, akampelekea Malkia Victoria, na taji la Uingereza likachongwa karibu na mkia. Kila mwenye nguvu aliacha alama yake kwenye ubao, lakini hakuna aliyelipiga kwa lugha ya waliolichonga.

Msimulizi wa runinga ataliita ‘drum’, kama atakavyoiita ngoma ya ngozi ambayo Waacholi wa Magwi huiita ‘bul’. (Sisi wafasiri tuna nafuu kidogo, kwa kuwa ‘ngoma’ yetu hubeba chombo, uchezaji na hata shughuli yenyewe.)

Kiswahili nacho kinakaribia njia panda hiyo hiyo. Tangu nchi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, serikali imetangaza nia ya kukiingiza mashuleni. Lakini Kiswahili kimekwishaingia Juba bila darasa, pamoja na wafanyabiashara wa Uganda na Kenya, na familia zilizorejea kutoka Kongo. Mwalimu atakayeletwa kutoka Tanzania atamkuta mtoto anayesema ‘mutu’ badala ya ‘mtu’. Atakavyomjibu siku ya kwanza, mbele ya wenzake, ndivyo itakavyojulikana kama mtoto huyo atanyoosha mkono tena.